Mimi Nilikuwa Naonja Tu

Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Muulize mtu yeyote hapa Karungu, kuanzia ufuoni mpaka kanisani, atakuapia. Miaka yote niliyopika busaa na chang'aa, hakuna aliyeniona nimekaa benchini na walevi, wala nimelala mtaroni, wala natukana watu njiani. Mimi nilikuwa naonja tu. Na huko kuonja nusura kunipeleke kaburini.

Leo ninaandika nikiwa na nguvu zangu. Mchana nimekula ugali na samaki mbuta, nikaongeza, mume wangu akaniuliza kama kuna mgeni niliyemficha chumbani. Ninaandika kwa sababu najua wako wanaoonja kama nilivyoonja mimi, hawajui kwamba wanaumwa, na maswali ya hospitali yanawapita pembeni. Kama ni wewe, keti vizuri. Kicheko ni kingi humu kuliko unavyodhani.

Anayepika pombe lazima aonje. Busaa ikikaa sana inachachuka kupita kiasi, ikitolewa mapema inaumiza tumbo, na kipimo chake ni ulimi. Chang'aa nayo huanza ikiwa kali na kumalizika ikiwa maji, sasa utajuaje pa kukatia? Hayo ni ya jikoni, na hayo peke yake ningeyamudu. Lakini tangu redio zianze kutangaza watu waliopofuka kwa pombe mbaya, wavuvi wetu walijiwekea sheria: muuzaji aonje kwanza, mbele ya macho yao, kutoka kikombe kilekile. "Bil ane," wanakwambia, yaani hebu onja. Ukisita, kikombe kinarudi mezani na mteja anakwenda kwa jirani. Basi nikawa nawaonjea. Nilimwonjea huyu, na yule, na yule aliyekuja na yule. Wavuvi wa usiku hutoka ziwani alfajiri, wamelowa na wana haraka, kwa hiyo kabla jua halijakausha nyavu nilikuwa nimeshauonjea ufuo mzima. Jioni nilianza upya.

Katika Kidholuo chetu kunywa ni madho na kuonja ni bilo, na maneno hayo mawili hayajawahi kukutana. Anayekunywa ni mlevi. Anayeonja yuko kazini. Kanisani niliimba sauti ya kwanza nikiwa na sare yangu, na dhamiri yangu ilikuwa nyeupe kuliko hiyo sare. Mchungaji alijua ninapika, maana nusu ya kwaya yake walikuwa wapishi, na kila alipowahubiri wanaokunywa, sisi ndio tulioitikia amina kwa sauti kubwa. Mume wangu Odera, fundi wa mashua na mtu wa soda tu, aliitikia pamoja nami.

Mambo yaliharibika mwaka ule binti yangu Akoth alipojifungua. Akoth ni kifungua mimba wetu, mwalimu wa chekechea kule Rongo. Alijifungua katikati ya mvua za masika, mtoto wa kiume, wakamwita Omondi kwa kuwa alikuja alfajiri. Nilikwenda na kuku, unga wa wimbi na furaha ya bibi ambaye ndiyo kwanza anaitwa bibi. Akoth akaniwekea mtoto mikononi. Nikaanza kumwimbia.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa asubuhi, na asubuhi hiyo sikuwa nimeonja kitu tangu nitoke nyumbani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinatikisika juu ya mkono wangu, na nilipojaribu kukizuia kikatikisika zaidi. Akoth hakupiga kelele. Alinyoosha mikono yake tu.

"Mama, nipe mtoto."

Nikampa. Baadaye, nilipotoka kidogo na kurudi mikono ikiwa imetulia, alinisogelea, akavuta hewa karibu na mdomo wangu, akarudi nyuma. Alisema likizo yake ikiisha ataajiri msichana wa kukaa na Omondi. Nikamuuliza ataajirije msichana na mimi niko hai. Akaniambia, "Mama, nakupenda. Lakini Omondi hatalala kwako mpaka mikono yako itulie bila kitu." Kwetu, bibi mwenye nguvu zake akiachwa, mtoto akapewa mtu wa kuajiriwa, watu huuliza maswali. Nililia njia nzima mpaka Karungu, na nilipofika, kulikuwa na wateja wawili wananingoja mlangoni.

Msimu huo uvuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, ulipofungwa ili wazaane, mwili wangu nao ukaanza kufunga milango yake. Miguu ilivimba mpaka viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Nyayo zilichoma kama nimekanyaga majivu ya moto. Chakula kilininukia vibaya, hata samaki, mimi niliyezaliwa na samaki. Tumbo likatoka mbele, uso ukanona, mikono ikakonda. Mwanamke mmoja sokoni alinipongeza kwa sauti, akaniuliza nategemea mwezi gani. Nilikuwa nimepita umri huo zamani. Nikamjibu kwamba nategemea ikimpendeza Mungu, na nikanunua nyanya zangu nikaenda.

Shemeji yangu Auma, dada yake Odera, alikuja na jibu lake. Alisema ni chira, yale maradhi yanayomkondesha mtu aliyevunja mwiko. Alikumbuka kwamba nilipanda maharagwe mistari miwili kabla mke wa kaka mkubwa wa Odera hajapanda yake. Ni kweli nilipanda. Mvua ilikuwa imeshuka na mke wa kaka mkubwa alikuwa amesafiri. Auma alinichemshia mizizi michungu ajabu, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza bakuli. Na ili kuuondoa ule uchungu mdomoni, nikaenda jikoni nikaonja.

Risper, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, ambaye sisi humwita nyamrerwa, alipita pia na simu yake. Aliuliza maswali yake kama anavyowauliza wote: mnalala kwenye neti, mna choo, kuna mgonjwa, kuna anayekunywa pombe? Nikamwambia hakuna anayekunywa nyumba hii. Hakukuwa na uongo hapo, naapa. Aliandika, akaniangalia miguu, akaniambia niende hospitali. Nikasema nitakwenda baada ya kongamano la akina mama.

Kongamano lenyewe lilikuwa Kendu Bay, siku kadhaa za maombi na kufunga. Nilikwenda na blanketi langu na kitabu cha nyimbo. Bila shaka hapakuwa na mtu wa kumwonjea pale. Siku ya kwanza nilitetemeka, wakasema ni njaa ya mfungo. Usiku sikulala, jasho likalowesha blanketi. Kesho yake nikiwa nimekaa katikati ya akina mama nikaanza kuona omena. Walikuwa ukutani, wengi, hai, wanaruka kuelekea kwenye paa. Nikainuka nikavua kitambaa changu cha kichwani nikaanza kuwakinga wasianguke chini, maana omena wa kuanguka mchangani hushuka bei.

Akina mama waliona pepo. Walinizunguka, wakaniwekea mikono, wakakemea kwa lugha zote. Na mimi nikawaambia wasogee, wanakanyaga mali. Siku hizi tukikutana tunacheka hadi tunashika ukuta, lakini siku ile nilianguka nikakakamaa na kuuma ulimi, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wetu, Mungu ambariki, aliamua kwamba pepo huyo anaweza kukemewa hata garini. Akaniweka kwenye gari mpaka Homa Bay hospitalini, akampigia Odera simu.

Sitaki kuwachosha na mambo ya dawa. Nakumbuka benchi. Ukiwa mgonjwa unafahamiana na benchi kuliko unavyofahamiana na daktari. Lile la Homa Bay lilikuwa la mbao, limelainishwa na wagonjwa waliotutangulia, na tulikuwa tunasogea polepole, kila mmoja akikalia joto la mwenzake. Mzee mmoja wa Mbita aliyekuwa mbele yangu alinigawia nusu ya ndizi yake. Sikuweza kuila, lakini niliishika mpaka nilipoitwa, na kuishika kulinisaidia.

Daktari alikuwa binti mdogo wa Kikuria, Boke, mtu wa Kehancha. Hakujua Kidholuo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na nadhani Kiswahili ndicho kilichoniokoa.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Hapana, daktari. Mimi mtu ya kanisa."

Odera, aliyekuwa ameshafika na vumbi la njia nzima, akaingilia. "Daktari, huyu hakunywi. Miaka yote nimekaa na yeye sijaona. Andika tu hakunywi."

Boke hakuandika. Alinibonyeza tumbo, akavuta chini kope zangu akaona manjano, akaniambia ninyooshe mikono. Ikacheza yenyewe. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Napika."

"Unapika nini?"

"Vitu ya kuuza."

"Vitu gani?"

Nikamwangalia Odera. Odera akaangalia dirisha. "Busaa," nikasema. "Na ile ingine."

Sura ya Boke haikubadilika hata kidogo. "Hata shangazi yangu kule kwetu anapika. Sasa niambie. Hiyo pombe, nani anaonja?"

"Si ni mimi? Nani mwingine?"

"Na wateja wakikuja?"

"Lazima nionje kwanza. Ndio waamini."

"Kila mteja?"

"Kila mteja."

Alimwambia muuguzi alete kikombe cha maji. Akaniwekea mkononi, akanishikia mkono ili yasimwagike, akasema, "Hebu nionyeshe vile unaonja." Nikamwonyesha. Nilionja kama ninavyoonja nyumbani siku zote, kwa moyo safi, kisha nikamrudishia kikombe.

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Boke alikuwa amebana midomo. Odera alichungulia ndani ya kikombe, akaniangalia mimi, akachungulia tena.

"Min Akoth," akasema, yaani Mama Akoth, "hiyo ndiyo kuonja?"

Kikombe kilikuwa kimebaki na tone chini. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nilicheka na ini langu lililovimba, na ulimi wangu uliokatika, nikacheka mpaka machozi, na katikati ya kucheka nikaelewa kwamba yale machozi hayakuwa ya kicheko tena. Boke alinishika bega. Aliniambia mwili hauna Kidholuo wala Kiswahili. Haujui kunywa wala kuonja. Unajua kile kilichopita kooni tu.

Aliniambia jambo lingine ambalo nataka ulishike kuliko yote katika maandishi haya. Kama umezoea pombe kila siku, usiiache ghafla peke yako nyumbani, wala kwenye mfungo, wala kwa kufungiwa chumbani na jamaa wenye hasira. Wale omena ukutani na kule kuanguka vilitokana na kuacha ghafla. Unaweza kufa kwa kuacha kama unavyoweza kufa kwa kuendelea. Nenda hospitali, useme wazi, wakuachishe wakiwa wanakuangalia.

Nikalazwa. Walinitundikia maji, wakanidunga sindano za vitamini zilizouma kuliko uzazi, wakanipa vidonge vya kutuliza ambavyo walivipunguza kidogo kidogo. Kulikuwa na dawa ya kutoa maji tumboni, na hiyo ilinifanya nijue njia ya choo kuliko mtu yeyote wodini. Wenzangu waliniita mwanariadha. Wakinisikia nashuka kitandani wanashangilia, "Toka! Toka!" Na tumbo likashuka. Asubuhi moja niliangalia chini nikaviona vidole vyangu vya miguu, vyote, nikavisalimia, "Oyawore," kama watu waliorudi kutoka safari ndefu.

Odera ndiye aliyeumia. Baada ya siku ya kikombe hakuja kuniona kwa siku mbili. Najua alichokuwa anakisumbukia: aliapa kwa ajili yangu mbele ya daktari, tena mara nyingi mbele ya kanisa. Alipokuja alileta machungwa na kitana changu. Akakaa, akamenya chungwa lote, akanipa.

"Ningejuaje?" akasema mwishowe. "Ulikuwa unanuka kazi. Hata mimi nanuka lami."

"Hata mimi sikujua," nikamwambia.

"Basi tulikuwa wajinga wawili." Akamenya chungwa la pili, hilo akala mwenyewe. Amani ilirudi hapo, na sijui ndoa ngapi zimewahi kutengenezwa kwa machungwa.

Akoth naye alikuja kutoka Rongo, Omondi mgongoni. Alizungumza na Boke, akanisukia nywele, akacheka habari ya omena. Lakini Omondi hakumshusha. Nilipomwomba nimbebe, alijifanya hakusikia. Mikono yangu niliificha chini ya shuka.

Niliporudi nyumbani, mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Kila mwezi nilirudi Homa Bay kupimwa, nikipitia Rodi, na nikawa nahesabu maisha kwa safari hizo: safari ambayo macho yalikuwa meupe tena, safari ambayo nyayo ziliacha kuchoma, safari ambayo nilisikia harufu ya samaki wa kukaanga pale stendi nikanunua, nikala wote, nikalamba karatasi. Hamu ya chakula ikirudi baada ya kupotea, unaipokea kama ndugu. Na kuna siku nilitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza nilipojaribu. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaichomoa nikaitunga tena, kwa raha tu.

Risper alikuwa anapita kila wiki. Hakuja na mahubiri. Anauliza, umelala? Umekula? Ni saa ngapi kiu inakushika? Tukagundua inanishika alfajiri, wavuvi wanapotoka ziwani, kwa hiyo akasema saa hiyo tuipe kazi nyingine. Ndipo nikaanza kupika uji. Wimbi nalijua, moto naujua, masufuria ninayo. Nikapika uji mzito wa wimbi wenye ukwaju, na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, nikakaa pale pale nilipouzia pombe. Wiki za kwanza wavuvi walinicheka.

"Mama Akoth, hii uji ina nguvu kweli?" Omolo, aliyekuwa mteja wangu mkubwa, aliniuliza. "Bil ane! Onja kwanza tuone kama utaanguka!"

Nikaonja. Nikanywa kikombe kizima mbele yao, nikapanguza mdomo. "Sasa leta chako," nikamwambia. Akaleta. Mtu aliyekesha ziwani ana njaa kabla hajawa na kiu, ila hakuna aliyekuwa amewahi kumuuzia chakula saa ile.

Zamani, vita dhidi ya pombe kwetu vilikuwa vya askari. Wanakuja, wanapindua mapipa, wanamwaga, tunakimbia. Jioni tunapika tena, kwa haraka na kwa ubaya zaidi, maana kilichomwagwa lazima kifidiwe. Masika yaliyofuata wakaja kwa njia nyingine. Risper na ofisa wa afya wa wadi walituita wapishi wote kwenye banda la kupimia samaki, bila askari, wakatununulia chai na mandazi. Ofisa akaanza vizuri, akauliza kati yetu nani anakunywa pombe, ainue mkono, hakuna wa kumshika.

Hakuna mkono. Wanawake wote wale, wengine macho ya manjano, wengine wamevimba miguu kama yangu ya zamani, walikuwa wamekaa wima kama wako ibadani. Ofisa akamwangalia Risper. Risper akaniangalia mimi.

Nikasimama. "Dada zangu," nikasema, "nani anaonja?"

Mikono yote ikapanda. Ikapanda kwa haraka, hata kwa fahari, kwa kuwa nani atakubali kuitwa mpishi asiyeonja? Kisha wakaangaliana. Kicheko kilianza pembeni kikazunguka banda zima, vikombe vya chai vikamwagika, mama mmoja akawa anampiga mwenzake mgongoni. Na kikaisha taratibu. Nikawaeleza habari ya kikombe cha maji cha Homa Bay. Hapo niliwasikia kunguru juu ya bati.

Tulipatana siku hiyo mambo tuliyoyatunga sisi wenyewe, si ya kuletewa. Hakuna kufungua alfajiri. Hakuna kumuuzia mtoto wa shule, hata akisema ametumwa. Mtu ale kwanza. Na kubwa kuliko yote: muuzaji haonji tena. Mwenye wasiwasi aonje mwenyewe. Wavuvi walilalamika, wakatishia kwenda ufuo mwingine, wengine wakaenda, wengi wakarudi. Si wote walioacha kupika, sitakudanganya. Lakini baadhi wameacha, na baadhi waliokuwa wagonjwa wamepelekwa hospitali wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao. Na Risper siku hizi akiingia nyumba ya mpishi haulizi kama anakunywa. Anauliza kama anaonja, halafu anaomba aonyeshwe kikombe.

Ukidhani baada ya hapo nilikuwa malaika, hapana. Binamu yake Odera alifariki, na kwenye matanga waliniomba nisimamie pombe ya wazee, kwa kuwa hakuna mkono kama wangu. Nilikubali kwa heshima ya marehemu. Nilikoroga, nikanusa, na ulimi ukanikumbusha kazi yake. Nilionja. Nikaonja tena. Asubuhi yake nilikwenda kwa Risper nikiwa nimejifunika leso usoni, nikidhani atanifukuza. Alinikaribisha chai.

"Ulianguka shambani ukaacha kulima?" akaniuliza. "Anza tena leo."

Akanitaka niende Homa Bay nikaangaliwe, nikaenda. Lakini lililonisumbua lilikuwa Akoth. Angeweza asijue kamwe. Nilikaa na simu mkononi nikawaza kwamba nikimwambia, Omondi hatakuja kwangu mpaka aote ndevu. Nikampigia. Nikasema yote kwa pumzi moja, matanga, pipa, vikombe. Upande wa pili nikamsikia mtoto anagonga sufuria.

"Mama," akasema, "ni mara ya kwanza umeniambia wewe mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asante. Nitakuja."

Alikuja, lakini alikuja kama alivyokuwa anakuja siku zote: anafika asubuhi, anaondoka mchana, na saa zote hizo yuko macho. Omondi alikuwa amejifunza kutembea. Alinifuata jikoni, akavuta leso yangu, na Akoth naye akafuata nyuma yake hatua kwa hatua. Nikimpa mtoto kijiko, macho yake yako kwenye mkono wangu. Sikumlaumu. Nilipika, nikacheka nao, nikawasindikiza. Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata, na kila mara akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni anachoweza kuona kila kitu.

Jumamosi iliyopita alikuja amechoka. Shule zilikuwa zimefungwa, alikuwa amemaliza kuandika ripoti za watoto, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa. Tulikula mapema. Nikamkalisha Omondi mapajani nikawa namchambulia samaki aina ya ngege, natoa miiba kwa vidole, naweka nyama safi kinywani mwake, kipande baada ya kipande. Ngege ana miiba midogo ya hila. Akoth alikuwa ananiangalia kutoka kwenye kochi. Nikaendelea kuchambua. Nilipoinua kichwa kumuuliza kama nimwongezee mchuzi, sikujibiwa.

Alikuwa amelala. Si usingizi wa kusinzia wa mtu anayelinda. Alikuwa amelala kama alivyolala akiwa darasa la pili, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia chini, na alikuwa anakoroma. Binti yangu hajawahi kukoroma mbele ya watu. Nilisimamisha mkono hewani na samaki wangu, na furaha ikanijaa kifuani mpaka ikaniuma.

Jua likazunguka nyumba. Omondi naye akashiba, akanilalia begani. Odera akaingia na viatu vyake, akaanza kusema kwa sauti yake ya besi kwamba magari ya Rongo yanaisha, mwamshe Akoth, mtoto wa watu asichelewe bure.

"Toa hivyo viatu," nikamnong'oneza. "Mtoto wangu amelala."